Hatua Kumi, Moja Kushoto

Haya, kaeni. Tangu nirudi, kila Jumapili tukitoka ibadani pale Lidcombe mtu ananishika mkono: "Natana, Ujerumani ilikuwaje?" Nikianza tu kusimulia, mwenye gari anapiga honi, watoto wanalia njaa, hadithi inakatikia patamu. Basi nimeandika. Atakayeniuliza tena nitampa karatasi hizi, mimi niende zangu kula pilau.

Kwa wasionijua, mimi ni fundi mwashi. Najenga matofali huku magharibi ya Sydney, mwaka wa kumi na kitu sasa. Babu yangu mzaa baba, Fundi Daudi, ndiye aliyejenga kanisa la kijijini kwetu, juu milimani Usambara, chini ya mmisionari wa Kijerumani. Na kanisa hilo limepinda. Sisemi kwamba limeinama, kuta ziko wima mpaka leo, na hakuna ufa hata mmoja. Ila ukiingia mlangoni unaona ukumbi umenyooka vizuri, mabenchi huku na huku, halafu ukifika kwenye tao la kuingilia madhabahuni, jengo zima linakata kuelekea kushoto. Waliokaa nyuma upande wa kushoto hawamwoni mchungaji, wanamsikia tu.

Watu walipomuuliza Babu, jibu lake lilikuwa moja: "Ndivyo nilivyoonyeshwa. Mmisionari alisema kanisa la kwao liko hivyo. Kila hatua kumi, moja kushoto." Nani atamwamini? Wakamwita Fundi Chongo. Wakasema jicho moja halikuwa likiona sawa. Baba yangu, Mzee Elia, alipokuwa mtoto wenzake walikuwa wakimpita njiani wakihesabu kwa sauti, hatua kumi mbele, moja kushoto, kisha wanaanguka kwa kicheko. Baba hakushika mwiko wa uashi maishani mwake. Alikwenda kuwa karani.

Sasa Baba anaishi nasi huku Sydney, mtaa wa Toongabbie, ana miaka themanini na kitu, na nyonga imemgomea. Mwaka huu zikaja habari kwamba wazee wa kanisa nyumbani wanataka kubomoa sehemu ya madhabahu waijenge upya, inyooke. Washarika wote wangekutana Jumapili moja ya Julai baada ya ibada, waamue. Baba akatuma sauti kwenye kundi la WhatsApp, mimi nikiwa nimesimama hapo hapo bila kuulizwa: "Nisubirini. Mwanangu anakwenda Ujerumani kuliangalia kanisa lenyewe. Likiwa limenyooka, bomoeni, sitatia neno."

Jina la mji wa mmisionari limechongwa kwenye jiwe letu la msingi, kwa hiyo kulipata kanisa mtandaoni ilikuwa kazi ya dakika moja. Na hapo ndipo nilipovunjika moyo. Picha zote zilionyesha kanisa lililonyooka kama rula. Nikamwonyesha Baba. Akaangalia, akapanua kwa vidole, akanirudishia simu.

"Picha si uzi," akasema. "Nenda ukavute uzi."

Toongabbie mpaka Lidcombe

Asubuhi ya safari, siku ya Alhamisi, Baba aliniita chumbani akanipa mfuko wa kitambaa. Ndani mlikuwa na uzi wa Babu, wa pamba, umekuwa mweusi kwa mikono na chokaa, na timazi lake la shaba, lile donge zito lenye ncha ambalo fundi analining'iniza kujua kama ukuta umesimama wima.

"Siku yake ya mwisho," Baba akaniambia, "babu yako alinishika hapa kwenye kiwiko, akasema, 'Elia, nilijenga nilichoonyeshwa.'"

"Na wewe ulimjibu nini?"

Baba akaangalia dirishani. Akasema chai yake imepoa, nimwitie mke wangu, Mama Upendo.

Binti yangu Upendo ana miaka kumi na minne. Kiswahili anakisikia chote, ila akijibu ni Kiingereza. Alikuwa mlangoni na begi la shule. "Babu, what if it's straight?" akauliza. Nikamkata jicho, lakini Baba hakukasirika. "Likiwa limenyooka, basi limenyooka," akasema, akaomba sukari.

Nikapanda treni nikijiona mtu mwenye mpango. Kufika Lidcombe, treni ikasimama. Tukaambiwa tushuke wote, kuna tatizo mbele, hawajui litaisha lini. Mimi na sanduku langu na nusu ya Sydney tukajaa kwenye jukwaa. Nikampigia Bahati. Mnamjua, yule Mkongo wetu anayepiga besi kwenye kwaya. Alikuwa ametoka tu shifti ghalani Ingleburn, macho mekundu, lakini alifika.

"Ingia mbio, ndugu," akasema. "Pa siti ya nyuma kuko beignets. Madamu amepika juu yako. Usikule zote, zingine ni zangu ya njia."

Maandazi yale yalikuwa bado ya moto. Nikamwambia Bahati ukweli ambao sikuwa nimemwambia mtu, kwamba nimeshaona picha na naona ninakwenda kuleta msiba nyumbani.

"Basi sema uongo," akasema.

"Baba atajua."

Akalipita lori moja, akarudi kwenye mstari wake. "Vraiment, kweli, ule mzee anakupenda," akasema mwisho. "Angetaka uongo, angebaki na ile yenye anajiambiaka mu roho yake. Ametuma weye juu unajuaka kupima." Alinishusha uwanja wa ndege, akala maandazi mawili ya mwisho mbele ya macho yangu, akaondoka.

Timazi mbele ya sekyuriti

Nilikuwa nimeliweka timazi kwenye begi la mkononi, maana sanduku linaweza kupotea na timazi la Babu sitaki lipotee. Akili gani hiyo, mniambie nyinyi. Mashine ikalia. Dada wa sekyuriti akatoa kile kipande cha shaba, kizito, chenye ncha, kimefungwa uzi mweusi mrefu, akaniangalia kwa jicho jipya.

"Hiki ni nini, bwana?"

Nikasema ni cha kupimia ukuta. "Ukuta upi?" Wa kanisa. "Kanisa liko wapi?" Ujerumani. "Unafanya kazi Ujerumani?" Hapana, nakwenda kuangalia kama limepinda. Kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyozidi kufanana na mtu mwenye nia mbaya. Foleni nyuma yangu ikaanza kuguna.

Dada akamwita mkubwa wake, mzee mmoja mwenye mvi na mikono mipana. Yule mzee hakuuliza kitu. Akashika uzi, akaliachia timazi lining'inie, akasubiri. Likazunguka, likatulia. Watu wote tukawa tunaliangalia, hata waliokuwa wakiguna.

"Baba yangu alikuwa bricklayer," akasema. "Wa Lebanoni. Alikuwa nalo kama hili." Akalipapasa ncha, akacheka. "Butu kuliko kijiko. Pita, mate, no worries. Lakini ukirudi liweke kwenye sanduku."

Nilikimbia mpaka langoni. Nimefika wananiita kwa jina kwenye kipaza sauti, tena vibaya.

Singapore, na Shiro

Singapore mvua na radi, ndege haziruki. Kwa muda wa saa tano tumekaa kwenye zulia. Pembeni yangu alikaa mwanamke anayeongea na simu kwa Kiswahili cha Nairobi, nikashindwa kujizuia, nikamwamkia. Anaitwa Shiro, anafanya kazi ya kutunza wazee Perth, alikuwa anakwenda kwa dadake Berlin. Baada ya dakika kumi tulikuwa tumeshagawana wali wa kuku wa pale uwanjani na nilikuwa nimemsimulia yote.

"Aki wewe!" akasema. "Yaani unapanda ndege mbili kuenda kuangalia ukuta? Si ungecheki tu Google?"

"Nilicheki. Limenyooka."

"Sasa unaenda kufanya nini?"

Nikamwonyesha uzi. Akaushika kwa vidole viwili, akaunusa, Mungu wangu, akaunusa! Akasema unanuka jikoni kwa nyanyake. Kisha akawa mpole. "Mimi buda, yaani baba yangu, alikufa kama bado tumekosana juu ya shamba," akasema. "Ningeambiwa niende mpaka North Pole nipime kitu ndio yeye afurahi, ningeenda. Enda upime hiyo kanisa, bro. Ikiwa imenyooka, utalia, utarudi."

Ndege iliporuka nililala usingizi wa mtoto. Namshukuru Shiro, sikumwuliza hata namba.

Treni iliyokatika katikati

Nilikuwa nimeambiwa tangu utotoni kwamba Mjerumani na saa ni kitu kimoja. Haya. Ijumaa mchana pale Frankfurt treni yangu ilichelewa dakika ishirini, halafu arobaini, halafu ikahamia jukwaa jingine, na watu wazima na masanduku yao wakaanza kukimbia kwenye ngazi. Nikafurahi sana. Nikajiona niko Lidcombe.

Nikapata kiti dirishani, nikanyoosha miguu. Nje mashamba ya ngano yamekauka, maana hawakuwa wameona mvua wiki nyingi, majani yote ya njano. Kwenye stesheni moja tukakaa kidogo, nikasikia mtikisiko, tukaendelea. Mkagua tiketi akaja, akaangalia tiketi yangu, akaniangalia mimi, akatikisa kichwa kwa huruma. Kumbe treni ile ni mbili zimeshikana. Kwenye stesheni ile wanazitenganisha, ya mbele inakwenda kwangu, ya nyuma inakwenda kwingine kabisa. Walitangaza mara tatu, kwa Kijerumani. Mimi nilikuwa ya nyuma, nastarehe.

Wakanishusha kwenye kistesheni kisicho na mtu ila jamaa mmoja mwenye suruali ya vumbi la saruji. Fundi ni fundi popote, nikamsogelea. Hatukuwa na lugha, yeye maneno mawili ya Kiingereza, mimi sifuri ya Kijerumani. Nikamwonyesha timazi. Akaachama kinywa, akanipiga bega, akafungua kikasha chake cha chakula, akanikatia nusu ya mkate. Juu yake kuna kitu chekundu kizuri na vitunguu. Nikadhani ni kachumbari ya nyanya. Nikauma kwa njaa yote.

Ilikuwa nyama ya nguruwe ya kusaga. Mbichi.

Jamaa ananiangalia kwa tabasamu, anangoja niseme ni tamu. Ningefanyaje? Nilimeza. Nikauma tena. Na nitawaambia kitu ambacho Mama Upendo hapendi nikiseme mezani, kwamba kufika mwisho wa ule mkate ilikuwa tamu kweli. Yule bwana akasubiri na mimi mpaka treni ikaja, akanisukuma behewa la mbele kwa mikono yake miwili, akaonyesha kwa kidole: hapa, kaa, usitoke.

Nilifika mjini jioni kanisa limefungwa. Nikauona mnara wake kutoka dirisha la nyumba ya wageni, mawe ya kijivu, paa la kigae cheusi lenye ncha kali. Ulikuwa ndio mnara wa kwetu, ule ule, na vidirisha vyake viwili vyembamba. Wetu tu ni mfupi. Nikapiga magoti pale pale kwenye zulia.

Ndani ya kanisa

Jumamosi asubuhi mlango ulikuwa wazi. Mama mmoja wa miaka karibu themanini alikuwa akipanga maua, funguo kubwa zinaning'inia kiunoni. Huyu ndiye Bi Gerda, mtunza kanisa. Kiingereza chake ni cha polepole, kila neno analiweka chini kama sahani. Nikamwambia nimetoka Sydney na ninaomba kuvuta uzi kutoka mlangoni mpaka madhabahuni.

Hakushangaa hata kidogo. "Nusu saa," akasema. "Kuna harusi." Akaendelea na maua.

Ngojeni niwaambie lile jengo lilivyo. Unaingia chini ya mnara, kwenye giza na baridi, ukuta una unene wa mkono wangu mzima na zaidi. Ukitoka chini ya mnara, paa linapaa juu ghafla, mbavu za mawe zinakutana katikati, na nguzo nne kila upande, nene, zisizo na mapambo. Mawe yamechongwa kwa mkono, unaona bado alama za patasi, na kila fundi alichonga kijialama chake ili ajulikane kazi yake. Unene wa nguzo haulingani. Sakafu imelika katikati kwa miguu ya watu waliokufa kabla hata kijiji chetu hakijapewa jina. Nilipapasa lile jiwe nikasahau kilichonileta.

Kisha nikakumbuka. Nikafunga ncha moja ya uzi katikati ya kizingiti cha mlango, nikaukanyagishia jiwe, nikautembeza katikati ya njia mpaka ngazi ya madhabahu, nikauvuta, nikaufunga. Nikapiga magoti nikaangalia kwa jicho moja, kama fundi anavyofanya.

Katikati ya mlango, katikati ya madhabahu. Hata tofauti ya upana wa kidole haikuwepo. Limenyooka.

Sikulia. Nilibaki tu pale chini, natafuta maneno ya kumwambia Baba. Ndipo nikasikia viatu. Wageni wa harusi wamefika, tena mapema! Sikupata nafasi ya kuufungua uzi. Nikaruka nyuma ya nguzo ya mwisho, kando ya tao, nikajibanza na timazi mkononi.

Sasa sikilizeni. Wale wageni waliuona uzi umelala katikati ya njia, mweusi, umenyooshwa vizuri, na hakuna aliyeuliza. Ndugu wa bibi harusi wakakaa kushoto wote, wa bwana harusi kulia wote, kila mtu akiangalia asiukanyage. Bibi kizee mmoja alitaka kuvuka kwenda kumsalimu mwenzake, mjukuu akamshika mkono: hapana. Maharusi wakaingia, wakauona, wakaangaliana. Bibi harusi akatembea upande wake, bwana wake upande wake, uzi katikati, mikono imeshikana juu yake, mpaka madhabahuni. Na pale uzi ulipoishia, bwana harusi akainua mguu juu sana, akavuka upande wa mkewe. Kanisa zima likapiga makofi! Mchungaji, mama wa makamo mwenye miwani, alikuwa anafuta machozi. Baadaye nilikuja kujua kwamba yeye alidhani ni mpango wa maharusi, na maharusi walidhani ni mpango wake. Bi Gerda peke yake ndiye aliyejua, na alikuwa ameuma leso.

Nilikaa nyuma ya nguzo ile saa nzima. Na mwashi akikaa saa nzima mbele ya ukuta, atausoma tu. Nikaanza kuona vitu. Mawe ya ukumbini yalikuwa ya patasi, na chokaa. Lakini kupita tao, kule madhabahuni, mawe yamekatwa kwa msumeno, yamelingana yote, na katikati yake ni saruji. Hiyo si kazi ya watu wale wale. Nikaangalia nguzo niliyojificha nyuma yake, mguu wa kushoto wa tao. Chini yake ni ya zamani, na uso wake haukutazama mlango. Umegeuka kidogo. Aliyeichonga aliielekeza kushoto.

Nikaanza kuhesabu dakika, harusi iishe.

Majani ya nyuma

Kengele zilipolia na watu kutoka nje kurusha maua, nilimkimbilia Bi Gerda. Nikamwuliza kule madhabahuni kulijengwa lini.

"Ah, ile ni mpya," akasema. "Ya zamani iliungua, wakati wa vita. Mimi nilikuwa bado kuzaliwa. Wakajenga nyingine haraka, bila pesa, bila mafundi. Wakajenga imenyooka, ni rahisi."

"Na ile ya zamani?" Nikamsogelea. "Ya zamani ilikuwaje?"

Bi Gerda akaweka chini kikapu cha maua. Akasimama wima mbele yangu. Halafu akalaza kichwa chake polepole kwenye bega la kushoto, akabaki hivyo.

"Mama yangu alisema ni kichwa cha Yesu msalabani," akasema. "Wengine wanasema ni kwa sababu ya maji chini ya ardhi. Mimi napenda ya mama yangu."

Nikatoa simu, nikamwonyesha picha ya kanisa letu. Akavaa miwani. Akaniangalia, akaangalia simu, akashika ukuta. "Lakini hili ni letu," akasema. "Hili ni letu kabla ya moto. Mama yangu alifunga ndoa hapa. Liko wapi?"

"Usambara," nikasema. "Babu yangu alilijenga."

Alinishika kiwiko, akanivuta mpaka nyuma ya kanisa. Nyuma kuna uwanja wa majani. Nimewaambia hawakuwa wameona mvua. Majani yote yalikuwa yamefifia, lakini kando ya ukuta mpya palikuwa na mstari mpana uliokauka kabisa, wa njano iliyopauka, unatoka chini ya ukuta kwa mshazari, unazunguka kwa kona tatu na kurudi. Kila mwashi anajua hiyo ni nini. Chini yake kuna mawe, mizizi haishiki. Ulikuwa msingi wa zamani umejichora wenyewe, na umetokeza nje ya ukuta kuelekea kushoto.

Nikavuta uzi wa Babu sambamba na ukuta wa ukumbi, nikaupeleka mbele mpaka mwisho wa majani. Nikaanza kutembea pale msingi unapotokeza, Bi Gerda anahesabu kwa Kijerumani, mimi kwa Kiswahili. Hatua kumi. Nikageuka, nikapima kutoka kwenye uzi mpaka kwenye mstari wa njano.

Moja. Kushoto.

Hapo ndipo nililia, jamani, kwa sauti, na suruali yangu ya magoti machafu. Bi Gerda akadhani njaa, akaenda kuniletea keki ya harusi. Maharusi wakaja, mchungaji akaja, yule bibi kizee aliyekatazwa kuvuka akaja. Bi Gerda akawaeleza habari ya uzi, kicheko chake kikasikika barabarani. Wakaniketisha mezani kwao, wakanilisha mpaka nikasahau nguruwe. Bwana harusi alitaka nimwachie kipande cha uzi. Nikamwambia nampenda lakini hapana.

Jumapili asubuhi, na jioni ya Toongabbie

Sikumpigia Baba siku ile, kule kwetu walikuwa wamelala. Jumapili baada ya chai nikasimama kwenye majani. Toongabbie ilikuwa jioni. Upendo akashika simu, nikamwona Baba kwenye kiti chake, amevaa koti. Amevaa koti ndani ya nyumba kungoja habari!

Nikageuza kamera chini kwenye mstari wa njano, nikatembea nikihesabu. Kumi. Moja kushoto.

Nikadhani mtandao umekatika.

"Rudia," Baba akasema.

Nikarudia.

"Rudia tena, mwanangu."

Nilirudia mara tatu. Kisha nikamweleza habari ya moto, na mnara, na uso wa nguzo ulivyogeuka, na kichwa cha Yesu, huku Bi Gerda pembeni analaza kichwa chake begani ili Baba aone. Baba alimwangalia muda mrefu. "Mwambie asante," akasema. "Mwambie kanisa lao lipo. Halikuungua. Tunalo sisi."

Nikamtafsiria. Bi Gerda akaenda kukaa kwenye kaburi la mtu.

Hiyo ndiyo ilikuwa Jumapili ya mkutano: Baba akapiga simu kijijini, washarika wako bado kanisani. Mzee wa kanisa akaiweka simu kwenye kipaza sauti. Sauti zile wamenitumia, ninazo, atakaye atasikia: Baba anaeleza taratibu kama karani anayesoma barua, halafu mama mmoja anapiga kigelegele, halafu wote. Hawakupiga hata kura. Wakasema paa litengenezwe, kuta zisiguswe. Kisha kwaya ikaanza kutoka mlangoni kwenda madhabahuni, na mtu mmoja, hakuna anayekubali kuwa ni yeye, akaanza kuhesabu. Wakapita hivyo wote, wazee na watoto, hatua kumi mbele, moja kushoto, wanaimba.

Nyumbani

Kurudi hakuna la kusimulia. Timazi niliweka kwenye sanduku, treni zote zilikuwa moja moja, hazikukatika katikati, Bahati alikuja kunipokea na maandazi, safari hii aliniachia matatu.

Baba alikuwa kwenye korido na kigari chake cha kutembelea. Akaomba uzi kwanza, kabla ya salamu. Ulikuwa na matope ya Ujerumani na majani makavu. Mama Upendo akasema ataufua, Baba akasema mtu asiuguse.

"Uliniuliza nilimjibu nini babu yako," akasema.

Nikaweka sanduku chini.

"Nilimjibu, 'Sawa, baba.' Kwa mdomo tu. Ile sawa ya kumnyamazisha mgonjwa alale. Na yeye alijua, Natana. Alinitazama akajua." Akauzungusha uzi mkononi. "Nimekaa nayo hiyo miaka yote."

Akaukamata mkono wa kigari, akaanza kutembea kwenye korido yetu ya Toongabbie, nyonga inamuuma, mguu kwa mguu. Upendo akamfuata karibu asianguke. Na yule mtoto wangu ambaye ukimsalimu "shikamoo" anakujibu "hi", akaanza kuhesabu: "Moja. Mbili. Tatu." Mimi na mama yake tukajibana ukutani kuwapisha. Alipofika kumi, Baba akainua kigari, akakiweka kushoto, akavuta miguu yake ikakifuata.

Akasimama pale, uso karibu na ukuta, uzi umekunjwa kiganjani.

"Sawa, baba," akasema.

Upendo akanigeukia, ananingoja nimjibu babu yake. Nikamtikisia kichwa. Hakuwa akisema na mimi.